Alichotabiri kilitimia. Je, ni nabii?

Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi, na swali la manabii wa uongo hunijia karibu kila mara kwa sura ileile. Juzi lilikuja tena kwenye simu, kutoka kwa dada mmoja aliyewahi kukaa darasani kwangu: "Mwalimu, mambo ya huyu mtumishi siyaelewi. Lakini alichonitabiria kilitimia. Nitasemaje kwamba si nabii?"

Nilimwomba afungue Kumbukumbu la Torati 13 asome mistari mitano ya kwanza, ndipo tuendelee. Wengi wetu tunairuka sura hiyo na kukimbilia ya 18, inayosema kwamba neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena. Kisha tunaigeuza kichwa chini: likitimia, basi Bwana ndiye aliyelinena. Sura ya 18 haisemi hivyo hata kidogo, na sura ya 13 ilikwisha kuufunga mlango huo. Akitokea nabii au mwotaji wa ndoto, akatoa ishara, ishara ikatokea vilevile alivyosema, halafu akawaambia watu wafuate miungu mingine, wasimsikilize. Musa habishi kwamba ishara imetokea. Anasema Mungu anawajaribu watu wake, ajue kama wanampenda kwa moyo wote.

Kwa hiyo utabiri usiotimia unaweza kumwangusha mtu, lakini uliotimia haujampitisha. Hata kwenye kuangusha kuna hesabu yake. Yona alitangaza kwamba baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa; siku zikapita, na Ninawi ikabaki imesimama, kwa sababu mji ulitubu. Yeremia 18 inaeleza kanuni hiyo waziwazi. Ila nabii wa leo asiikimbilie haraka kila anapokosea. Ninawi mfalme alishuka kwenye kiti chake cha enzi akavaa gunia, watu wakaona. Hilo si sawa na kuwaambia waumini kwamba utabiri umekwama kwa sababu imani yao ni ndogo.

Sura ninayopenda kukaa nayo darasani ni Yeremia 28. Tuko hekaluni Yerusalemu, mwezi wa tano, makuhani na watu wote wanatazama. Yeremia ana nira ya mti shingoni, ishara kwamba watu watamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania mwana wa Azuri anasimama na kutangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, na ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka nao watarudi. Anafungua kinywa kwa maneno yaleyale anayotumia Yeremia: Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi. Wewe uliyesimama pale ungewatofautishaje? Na Yeremia anajibu nini? "Amina." Anasema Bwana na atende hivyo. Kisha anakumbusha kwamba manabii wa zamani walitabiri vita na mabaya, na kwamba anayetabiri amani atajulikana neno lake litakapotokea. Hanania anamvua ile nira, anaivunja mbele ya umati. Yeremia anaenda zake.

Huwa nasimama hapo. Hajibu kwa ishara kubwa zaidi, wala hapandishi sauti. Neno linamjia baadaye: umevunja nira ya mti, mahali pake kutakuwa na nira ya chuma. Hanania akafa mwezi wa saba wa mwaka uleule, na miaka kama saba baadaye Yerusalemu ikaanguka mikononi mwa Wababeli.

Kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Kwa Kiebrania, sura hiyo inamwita Hanania "nabii" tu, neno lilelile analoitwa Yeremia. Ni wale waliotafsiri kwa Kigiriki zamani waliomwandika nabii wa uongo tangu mstari wa kwanza. Nadhani walitaka kumsaidia msomaji, lakini mimi nabaki na Kiebrania: watu wa siku ile hawakupewa kibandiko.

Walipewa nini basi? Rudi sura ya 23. Yeremia anawashtaki manabii wa Yerusalemu kwa uzinzi, kwa uongo, na kwa kuitia nguvu mikono ya watenda mabaya hata asiwepo anayeuacha uovu wake. Anasema pia wanaiba maneno, kila mtu kwa jirani yake. Hilo la wizi lina jamaa zake wengi leo. Mtu anasimama mbele ya ukumbi uliojaa na kusema anamwona mtu ambaye jina lake linaanza na herufi M, ana mgogoro wa familia. Kwenye umati wa Wakristo wenye kina Maria, Musa, Marko na Miriamu, wewe mwenyewe ungepatia.

Yesu naye alisema tutawatambua kwa matunda yao, na mahubiri mengi huishia hapo, kila mtu akijaza neno "matunda" anavyotaka: ukubwa wa kanisa, uponyaji, shuhuda. Lakini endelea kusoma Mathayo 7. Mistari michache tu mbele, watu wanajitetea kwamba walitoa unabii, walitoa pepo, walifanya miujiza mingi kwa jina lake, naye anawaambia hakuwajua kamwe, ninyi mtendao maovu. Yaani vyote tunavyovihesabu kuwa matunda, yeye ameviweka kando na kuangalia mwenendo.

Kuhusu fedha, Mika 3 inatosha: wakipewa cha kuuma kwa meno hutangaza amani, asiyewatia kitu kinywani humtangazia vita. Wakristo wa mwanzo walilifanyia kazi. Didakhe, mwongozo mfupi wa kanisa la kale, unasema mtume anayepita akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, vivyo hivyo. Na nabii akiagiza "katika Roho" meza iandaliwe, kisha akaila mwenyewe, ni wa uongo. Hiki cha meza hunichekesha kila mara. Bila shaka kuna aliyewahi kujaribu.

Yule dada nilimpa swali moja akamwulize mtumishi wake: unabii wako hupimwa na nani? Maana Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anataka manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Alirudi na jibu aliloandikiwa: "Msiwaguse masihi wangu." Hiyo ni Zaburi 105:15, na masihi maana yake ni waliopakwa mafuta. Nikamwambia asome kuanzia mstari wa 12. Wanaoitwa masihi pale ni Abrahamu na uzao wake, watu wachache, wageni wanaohama taifa hadi taifa. Na wanaokemewa wasiwaguse ni wafalme.