Kukaa meza moja na Amin

Ukimuuliza Mtanzania wa umri wangu vita vya Kagera vilitokana na nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: nduli alivamia ardhi yetu. Hakosei. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Idi Amin akatangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda. Lakini mimi nafundisha uhusiano wa kimataifa, na jibu hili la ardhi hunikera kila mwaka linaponirudia kwenye karatasi za mtihani. Ardhi ile ilikuwa imerudi mikononi mwetu kabla Januari 1979 haijaisha. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Katikati hapo tulikuwa tunapigania nini?

Naamini tulikuwa tunapigania kutambuliwa, na kwamba ugomvi huo ulianza karibu miaka minane kabla ya risasi ya kwanza ya Kagera.

Neno lenyewe kwanza. Kumtambua mtu, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kumwona ukajua ni nani. Ukipita mbele ya mzee wa mtaa bila salamu, hujamwibia kitu, wala hujamtukana. Umefanya kana kwamba hayupo, na hilo atalikumbuka kuliko tusi. Wanasheria wa kimataifa nao wana kutambua kwao, tena kwa namna mbili: kutambua nchi, na kutambua serikali ya nchi hiyo. Uganda kama nchi haikuwa na mgogoro na mtu tangu uhuru wa 1962. Kilichokataliwa ni serikali. Mataifa mengi hujiepusha na kadhia hii. Mexico ilitangaza mwaka 1930 kwamba haitoi hukumu juu ya serikali za wengine, na Uingereza ikaacha desturi ya kutambua serikali mwaka 1980: inatambua nchi tu, kisha inafanya kazi na yeyote aliyeko ikulu. Ni njia ya kiungwana ya kutojibu swali.

Mwalimu Nyerere alilijibu. Tarehe 25 Januari 1971, Rais wa Uganda Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Uingereza ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitambua serikali mpya. Dar es Salaam ikakataa, ikampokea Obote na kuendelea kumwita Rais.

Kama Uganda ingekuwa mbali, kukataa huko kungebaki maneno ya kwenye hotuba. Lakini nchi zetu tatu zilikuwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967: reli moja, bandari, posta, ndege, na juu ya yote hayo Mamlaka, yaani marais watatu wakikaa pamoja. Marais hao hawakukaa tena. Kuketi na Amin mezani kungekuwa ndiko kumtambua, na Mwalimu alilijua hilo. Uteuzi wa maofisa ukakwama, mambo yakawa yanasukumwa na mawaziri na kwa makaratasi yanayozungushwa kati ya miji mitatu ili yatiwe sahihi. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu nyingi, na malalamiko kwamba Kenya inafaidika zaidi hayakuwa madogo, lakini chombo ambacho wakuu wake hawakutani kinasuluhishaje malalamiko?

Sasa mtazame Amin. Alijiunga na jeshi la kikoloni, King's African Rifles, mwaka 1946, na ilipofika 1959 akapewa cheo cha effendi, cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia wakati huo. Ndiyo, ni neno lile lile tunaloliita afande. Jeshi lile lilimfundisha kwamba hadhi ya mtu hushonwa begani na mkubwa wake. Alipopata madaraka alijishonea mwenyewe: Field Marshal, Rais wa Maisha, na baada ya Uingereza kuvunja uhusiano mwaka 1976, Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1975 alibebwa kitini na Wazungu mjini Kampala, akihakikisha kamera zipo. Tunayacheka haya, nami nimeyacheka, lakini mcheko unatuficha jambo. Kiti kile kilikuwa hoja. Alikuwa anasema: mlioniweka chini, nitazameni.

Tena alipata karibu kila alichokitaka. Mwaka huo huo wa 1975 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala, akawa mwenyekiti wao, na Oktoba akahutubia Umoja wa Mataifa. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia mkutano wa Kampala. Wachache, lakini ndani yake yumo jirani. Mwanafalsafa Mjerumani Hegel aliliona hili mapema karne ya 19: heshima inashibisha pale tu inapotoka kwa mtu ambaye wewe mwenyewe unamhesabu. Bwana anayeinamiwa na watumwa wake hubaki na njaa, kwa sababu anayemwinamia hamhesabu kitu. Amin alikuwa na makofi ya bara zima, ila aliyemhesabu alikuwa Mwalimu. Ndiyo maana alimtumia simu za maandishi za ajabu, ikiwemo ile maarufu ya kwamba angefikiria kumwoa kama angekuwa mwanamke, na mwaka 1978 akapendekeza wamalize ugomvi wao kwa ndondi, Muhammad Ali awe refa. Mtu usiyemjali humtumii simu ya namna hiyo.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wetu. Kukataa kwa Tanzania hakukuwa kwa mdomo tu. Wafuasi wa Obote walikuwa na kambi katika ardhi yetu, na Septemba 1972 walivuka kwenda kumwondoa Amin wakashindwa vibaya. Ndege za Uganda zikashambulia Bukoba na Mwanza. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo, yaliyosuluhishwa na Siad Barre, Rais wa Somalia, yalivuta majeshi kilomita 10 kutoka mpakani na kukataza kila upande kulea maadui wa mwenzake. Yalituliza mpaka kwa miaka sita. Hayakugusa kutambuana. Waliotia sahihi walikuwa mawaziri wa mambo ya nje.

Wala sisemi kwamba majeraha ya hadhi ndiyo yaliyoyavusha majeshi mwaka 1978. Jeshi la Uganda lilikuwa linararuana lenyewe kwa lenyewe, kulikuwa na uasi, na mtawala mwenye nyumba inayowaka hutafuta vita vya nje. Hiyo inaeleza kwa nini Oktoba 1978. Kwa nini Tanzania na si kwingine, hapo ndipo miaka minane ya kiti kitupu inapoingia.

Sehemu ambayo wanafunzi wangu huiruka ni ya upande wa pili. Sisi pia tulikuwa tunadai kutambuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alisema maneno ambayo kila nyumba yenye redio iliyasikia: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu hukumbuka uwezo. Mimi husimama kwenye sababu. Mwalimu aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi, Amin aachane na madai ya ardhi yetu, alipe fidia. Umoja ukaleta usuluhishi: pande zote mbili zisimamishe mapigano, ndugu wapatane. Ni lugha ya upole, na kwa aliyechomewa kijiji ni lugha ya dharau, maana inamweka aliyepigwa na aliyepiga kwenye mizani moja. Waliofukuzwa Kyaka na Missenyi, mifugo yao ikaswagwa kuvuka mpaka, hawakuwa "upande". Dhuluma isipoitwa dhuluma na wale waliopaswa kuiita hivyo, aliyedhulumiwa hutafuta njia nyingine ya kuitaja, na kwetu njia ilikuwa barabara ya Masaka, iendayo Kampala.

Tanzania ililijua zamani hitaji hili la kutopangiwa nani wa kumtambua. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa kuwa Ujerumani Mashariki imeruhusiwa kufungua ofisi ya konseli Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akaikatalia misaada mingine pia. Hesabu za fedha haziwezi kueleza uamuzi kama huo, na haziwezi kueleza Kampala vilevile: gharama za vita zinazotajwa mara kwa mara ni karibu dola milioni 500, na uchumi wetu ulizilipa kwa miaka mingi kwa foleni za sukari na sabuni.

Tarehe 13 Aprili 1979 Yusuf Lule aliapishwa kuwa Rais wa Uganda, na Tanzania ikamtambua bila kuchelewa. Wale wale tuliokataa serikali iliyoingia kwa vifaru sasa tulikuwa tunawaomba wenzetu waitambue iliyoingia kwa vifaru vyetu. Sudan na Nigeria zilitusema waziwazi kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika mjini Monrovia, Julai 1979. Lule mwenyewe alikuwa ameshaondolewa, baada ya siku 68, na Rais wa Uganda sasa alikuwa Godfrey Binaisa, wa tatu katika miezi minne.