Jenotaipu za Matumbwitumbwi na Maswali Tunayoulizwa Maabara

Kila unapozuka mlipuko wa matumbwitumbwi, maswali mawili hutufikia kwa wingi. Je, hivi ni virusi vipya? Na mbona hata aliyechanjwa amevimba mashavu? La kwanza mara nyingi huja na shutuma kwamba tunaficha "aina kali". Hakuna kinachofichwa.

Virusi hivi hubeba uzi mmoja wa RNA (kemikali inayobeba maelekezo yao ya kurithi) wenye herufi 15,384 na jeni saba. Vinapojinakili hukosea hapa na pale, na baada ya muda koo zinaachana. Shirika la Afya Duniani linatambua jenotaipu 12, yaani koo za virusi hivi, A hadi N. Herufi E na M zilifutwa kwenye orodha, kwa hiyo tafadhali pengo hilo lisigeuzwe ushahidi wa njama. Zote ni serotaipu moja: kingamwili za ukoo mmoja huvitambua virusi vya ukoo mwingine, ingawa si kwa nguvu ileile.

Kwa kawaida jenotaipu husomwa kwenye jeni SH, yenye herufi 316, kwa kuwa ndiyo inayobadilika zaidi. Hapo tumekwama kidogo. Jenotaipu G ndiyo iliyotawala milipuko mikubwa ya Uingereza na Marekani tangu miaka ya 2000, ukiwemo wa Marekani wa 2006 uliopata wagonjwa zaidi ya 6,500. Wagonjwa wote wakiwa wa G, na SH zao zikilingana herufi kwa herufi, hatuwezi kujua kama wanafunzi wa bweni moja wameambukizana au virusi viliingia mara mbili kwa njia tofauti. Ndiyo sababu maabara nyingi sasa husoma pia jeni HN, vipande vilivyo kati ya jeni, au uzi wote.

Kuhusu chanjo: virusi vya chanjo viitwavyo Jeryl Lynn, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1967, ni vya jenotaipu A, ambayo siku hizi huonekana kwa nadra. Tofauti hiyo ina mchango wake, na kinga nayo hupungua miaka ikipita. Hata hivyo dozi mbili huzuia ugonjwa kwa takriban asilimia 86. Anayesema chanjo "haifanyi kazi" kwa kuwa jirani yake ameugua hajahesabu wale ambao hawakuugua. Aliyevimba siku chache baada ya kuchanjwa tunaweza kumpima tukajua kama ni virusi vya chanjo au vya mitaani.

Sasa sampuli, ambako ndiko tunakopoteza mengi. Tezi iliyo mbele ya sikio isuguliwe kwa sekunde 30, kisha kijiti chenye ncha ya nyuzi za sintetiki (si pamba) kipitishwe ndani ya shavu, karibu na meno ya juu ya nyuma. Ichukuliwe ndani ya siku 3 tangu uvimbe uanze. Aliyechanjwa hutoa virusi kidogo na kwa muda mfupi, hivyo kwake kuchelewa kuna gharama zaidi. Itiwe kwenye kimiminika cha kusafirishia virusi, ikae kwenye baridi. Fomu ionyeshe tarehe ya dalili, dozi za chanjo na safari za karibuni. Jina la mfuatano (herufi za RNA tulizosoma) huandikwa MuVs, yaani kifupi cha virusi hivi, kisha mji, nchi, wiki ya dalili na mwaka; tarehe ikikosekana, jina halikamiliki na fomu itarudishwa ilikotoka. Fomu isiyo na tarehe hatuijazi kwa kukisia, hata mkiituma mara tatu.

Pale sheria inapoorodhesha matumbwitumbwi kati ya magonjwa ya kutolewa taarifa, mtoa huduma anayenyamaza anakiuka sheria na anaweza kuadhibiwa. Taarifa hutolewa kwa kushuku tu. Haisubiri jenotaipu, ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa.

Mgonjwa naye asiisubiri. Awe wa G au wa jenotaipu nyingine, matibabu ni yaleyale ya kutuliza maumivu na homa, na atakaa mbali na wenzake siku 5 tangu uvimbe uanze.