Kitenzi Kipo, Sentensi Haipo

"Wafanyakazi wote ambao hawajarejesha fomu za bima walizopewa mwezi uliopita." Tangazo kama hili husomwa hadi kwenye nukta, na msomaji akabaki anajiuliza: sasa hao wafanyakazi wafanye nini? Vitenzi vitatu vimo, "hawajarejesha", "walizopewa" na "uliopita", lakini cha kwanza kinatuambia ni wafanyakazi gani, cha pili ni fomu zipi na cha tatu ni mwezi upi. Jambo lenyewe halijasemwa. Ongeza "wazirejeshe kabla ya Ijumaa", na tangazo limekamilika.

Kosa hili huwapata hata waandishi wazoefu, na chanzo chake kimo katika umbo la kitenzi cha Kiswahili. "Wamefika" ni sentensi kamili kwa neno moja: wa- inasimamia kiima, -me- inaonyesha hali timilifu, na mzizi -fik- unabeba tendo. Ukishazoea hivyo, ni rahisi kuamini kwamba palipo na kitenzi pana sentensi. Sasa chomeka kirejeshi, yaani kiambishi kinachofanya kitenzi kieleze ni nani au kipi kinachozungumziwa. "Wageni walifika" inajitosheleza. "Wageni waliofika" bado inadai kitenzi kingine, na tofauti ni hiyo -o- moja tu. Ndiyo maana nashauri kila anayehariri andiko lake apige mstari chini ya kitenzi kisichotawaliwa na kirejeshi wala "amba-". Asipokipata, hana sentensi.

Hata hivyo, kitenzi kisicho na kirejeshi nacho kikaguliwe. "Ukipokea barua hii" ni sharti linalongoja jibu lake. Vishazi vya "ingawa", "ili" na "kwa sababu" navyo havisimami peke yake, ila tiba yake ni nyepesi. "Mkutano umeahirishwa. Kwa sababu mwenyekiti anaumwa." Ondoa nukta ya kwanza, andika "kwa" kwa herufi ndogo, basi.

Vichwa vya habari, majibu ya mazungumzo na hadithi vina uhuru wake, na sioni sababu ya kuwanyima watunzi uhuru huo. Barua za kazi, kanuni na mikataba ni suala jingine. Chukua kifungu hiki: "Mpangaji atakayechelewa kulipa kodi kwa zaidi ya siku 30." Atatozwa faini? Ataondolewa? Ataandikiwa onyo kwanza? Mwenye nyumba atajaza pengo hilo kwa namna yake, mpangaji kwa namna yake, na karatasi waliyotia saini haitamsaidia yeyote kati yao.