Je, wajua reli ya kilomita 22 ilidumuje mikononi mwa familia moja kwa miaka 80?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba reli fupi ni mchezo wa matajiri. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: treni hulipwa kwa umbali, kwa hiyo mwenye kilomita ishirini na ushei ataambulia makombo. Santa Maria Valley Railroad ya California ndiyo iliyonitoa tongotongo.

Ilijengwa mwaka 1911 kwa ajili ya mafuta, ikafilisika, na mwaka 1925 ikapigwa mnada. Aliyeinunua kwa dola 75,000 ni Kapteni G. Allan Hancock, mrithi wa Rancho La Brea, ardhi ya Los Angeles ambayo visima vyake vya mafuta viliitajirisha familia. Ni kweli alikuwa na fedha za kuchezea, tena alipenda kushika usukani wa garimoshi mwenyewe, kwa hiyo kosa langu lilikuwa rahisi kulifanya. Lakini mtu anayechezea reli hajengi kiwanda cha barafu kando yake.

Fikiria basi la mikoani limekushusha barabara kuu usiku. Bodaboda inayokufikisha kwako inakwenda kilomita tatu tu, ila kilomita moja ya bodaboda ni ghali kuliko ya basi, nawe unalipa, maana bila hiyo hujafika. Reli ya Hancock ilikuwa bodaboda hiyo. Njia kuu ya Southern Pacific, kampuni kubwa ya reli, ilipita mji jirani wa Guadalupe, haikuingia mji wa Santa Maria. Mwenye mzigo alilipa nauli moja hadi mwisho wa safari, kisha kampuni zikagawana. Mgao ulitofautiana kwa kila mzigo, lakini haukupimwa kwa urefu wa njia pekee: kuzunguka ghala kwa ghala kukusanya mabehewa ndiyo kazi yenyewe.

Tena upana wa reli ulilingana na wa njia kuu. Pacific Coast Railway, iliyotangulia kufika mjini hapo, ilikuwa na njia nyembamba. Mzigo wake ulilazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Na kwa saladi zilizolimwa bondeni, kila saa juani ni hasara. Behewa la mboga lilikuwa na chumba cha barafu kila mwisho, na mfuniko juu ya paa. Vibarua walitembea paani wakisukuma mabonge ya barafu na kuyadondosha ndani, kisha behewa likaenda hadi pwani ya mashariki bila mzigo kuhamishwa, likiongezewa barafu njiani. Hancock alikuwa na mashamba bondeni, barafu na reli. Kila kimoja kilikipa kingine kazi.

Hatari ya reli fupi ni kutegemea wateja wachache. Kiwanda cha sukari cha Betteravia, kilichosaga viazisukari vya bonde hilo, kilifungwa mwaka 1993. Mwaka 2006 warithi wa Hancock wakaiuza reli. Mabehewa bado hukabidhiwa pale pale Guadalupe, ila sasa kwa Union Pacific, kampuni iliyoimeza Southern Pacific.