Je, wajua kwa nini mnyama aliyejifunza la kufanya haumizwi sana na msongo?

Ng'ombe wa shosho yangu kule Njoro akikamuliwa na mtu mgeni anashika maziwa, unavuta chuchu mpaka vidole vinauma na ndoo bado iko tupu, halafu shosho akikuja na maji yake ya moto ya kuosha kiwele, anaongea naye polepole, muda kidogo tu maziwa yanashuka. Huo si ukaidi jamani. Ng'ombe akishtuka mwili unamwaga adrenalini, homoni ya hatari, na hiyo adrenalini inazuia oksitosini, ile homoni ya kushusha maziwa.

Sasa huo mshtuko unazimwa na nini? Mtafiti mmoja Mmarekani, Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alijaribu hii kitu na panya miaka ya 1960 na 1970. Panya wawili wanafungwa waya mkiani, stima ikipiga huyu inapiga na yule, nguvu ile ile na muda ule ule, ila mmoja akizungusha kigurudumu stima inakatika kwa wote wawili, mwenzake akizungusha chake hakuna kitu. Wa tatu hapigwi kabisa. Yule mwenye uwezo wa kuzima alipata vidonda vichache tumboni, mwenzake akapata vingi, na walipigwa sawa kabisa! Mimi hapo ndipo niliposhangaa, kumbe maumivu ni yale yale lakini mwili unayabeba tofauti.

Ni kwa sababu ubongo ukiona hatari unaamsha tezi zilizo juu ya figo, zinatoa adrenalini chapchap, halafu kotisoli, homoni nyingine ya msongo (kwa panya ni kotikosteroni). Panya akianza kufundishwa kukwepa stima hiyo kotikosteroni inapanda sana, akishaijua njia inashuka, hata kama hatari bado iko palepale. Lakini Weiss aliona pia kwamba ukimpiga stima panya wakati anafanya kile alichojifunza kimuokoe, anaumia tumbo kuliko yule asiye na la kufanya.

Na ng'ombe je, yeye hana kigurudumu? Weiss alipata panya waliosikia mlio kabla ya stima walikuwa na vidonda vichache kuliko waliopigwa ghafla, kwa sababu mlio ukinyamaza wanajua sasa niko salama. Maji ya moto na sauti ya shosho ndio mlio wa ng'ombe wetu. Kijana mpya wa kukamua alikuwa anaingia bandani kimya na kushika chuchu moja kwa moja.