Tezi za Juu ya Figo na Mwili Uliozoea Mofini: Maswali ya Wazee wa Unguja na Pemba

Swali: Tezi za juu ya figo zinahusianaje na mofini, ile dawa kali ya maumivu, au unga, yaani heroini?

Jibu: Tezi hizi, moja juu ya kila figo, humwaga katika damu adrenalini na homoni za msongo, ambazo kubwa yake kwa binadamu ni kotisoli na kwa panya ni kotikosteroni. Homoni hizo huchangia kuamua dozi ya dawa itafanya kazi kwa nguvu kiasi gani.

Swali: Limejulikanaje hilo?

Jibu: Kwa panya wa maabara. Panya huwekwa juu ya bati lililopashwa moto kiasi, zikahesabiwa sekunde mpaka arambe unyayo. Aliyepewa mofini huchelewa, kwa kuwa maumivu yamepungua, na aliyeondolewa tezi hizo huchelewa zaidi kwa dozi ile ile, mpaka arudishiwe homoni. Dozi ikirudiwa siku nyingi hupoteza nguvu, yaani mwili umeizoea.

Swali: Basi bila ya tezi hakuna utegemezi?

Jibu: Upo. Hata kipande cha utumbo kilichotolewa mwilini na kulowekwa katika mofini huizoea, kikajikaza mara kinapotiwa naloksoni, dawa inayoiondoa mofini kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inaposhikia. Kwa hivyo siafiki kauli kwamba uraibu ni homoni tu. Tezi hukoleza, haziasisi.

Swali: Na arosto, yaani mateso ya mtu aliyezoea dawa anapoikosa?

Jibu: Hapo ndipo homoni zinapojitokeza wazi. Panya aliyezoeshwa mofini akidungwa naloksoni hutikisa mwili mzima kama mbwa aliyerowa, huharisha, hupungua uzito, na kotikosteroni yake hupanda ghafla. Kotisoli ya binadamu nayo hupanda wakati wa arosto, ingawa matumizi ya muda mrefu huweza kuishusha. Jasho na moyo kwenda mbio husababishwa zaidi na noradrenalini ya ubongo na neva, ndiyo maana klonidini, ambayo ni dawa ya presha, huzituliza dalili hizo. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga inayotolewa katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, hukaa mwilini muda mrefu, ikatosha kunywewa mara moja kwa siku bila ya mwili kupanda na kushuka kila baada ya saa chache.

Swali: Nimnunulie mwanangu prednisoloni ili arosto impungue?

Jibu: La. Prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, ikitumiwa kwa wiki kadhaa huzilaza tezi zenyewe, na ikikatwa ghafla presha ya mwanao inaweza kushuka hata akazirai. Ikiwa ametumia unga kwa muda mrefu na sasa ana uchovu usiokwisha, kizunguzungu na kutapika, mwelezeni daktari, kwani huenda kotisoli imeshuka kweli, na hilo hupimwa kwa damu inayochukuliwa asubuhi.