Fyordi ni nini, na kwa nini viumbe wa kilindini wanaishi juu juu humo

Wengi wakisikia fyordi wanadhani ni hori tu kama Kilindini au Kilifi, sio. Hayo ya kwetu ni mabonde ya mito ambayo bahari ilipanda ikayafunika, fyordi ni bonde lililochongwa na barafu, yaani libarafu linateremka mlimani taratibu kwa maelfu ya miaka, linakwangua mwamba mpaka chini ya usawa wa bahari, likishayeyuka maji chumvi yanaingia. Ndo maana kuta zake zimesimama wima na ndani kina ni kirefu ajabu, ila mdomoni mara nyingi kuna kizingiti chini ya maji.

Mfano ninaoupenda ni Fiordland, kusini magharibi mwa New Zealand. Pale Milford Sound, fyordi mojawapo ya huko, Wamaori (wenyeji wa asili) wanapaita Piopiotahi, inanyesha zaidi ya mita 6 za mvua kwa mwaka (mita, sio sentimita!). Maji hayo yanapita msituni kwenye majani yaliyooza, yanatoka na rangi kama chai ya rangi, na kwa vile maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya chumvi yanaelea juu kama mfuniko, jua linapenya kwa shida. Basi viumbe wa gizani wanapanda. Matumbawe meusi, ambayo kwingine uyafuate chini sana, huku mzamiaji anayakuta mita 10 tu, hata pungufu. Jina lisikudanganye, yakiwa hai yanaonekana meupe, mfupa wa ndani ndo mweusi.

Sasa kuwa karibu hivyo ndo balaa lake, maana yanakua polepole mno na nanga moja tu ikiburuta inavunja kilichokua kwa miaka mingi. Hifadhi 2 za bahari zilitengwa 1993, halafu sheria ya 2005 ikaongeza 8, humo huvui kitu. Na mpango huo wa 2005 hawakuletewa kutoka juu, walianza wenyewe 1995, wavuvi wa kamba koche, wenye boti za watalii, watu wa Ngāi Tahu (kabila la Wamaori wa huko), mpaka wavuvi wa biashara wakakubali kuachia sehemu za ndani.

Ila kuna kitu hifadhi haikigusi: Doubtful Sound, fyordi nyingine ya huko huko, inapokea maji ya ziwa yanayotoka kwenye mitambo ya umeme ya Manapouri tangu 1969, kwa hiyo ule mfuniko pale ni mnene kuliko ulivyokuwa.